Kichwa Chako Kwanza

12 Januari

Babu Kipara,

Shikamoo. Najua umeshaitikia "marahaba" kwa sauti, peke yako hapo kibandani kwako, na wapita njia wamegeuka kukutazama. Shikamoo ya Bibi mfikishie ikiwa nzima, usiipunguze njiani kama unavyopunguza nywele za watu.

Sisi tulifika salama. Chumba tulichopata kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani, lakini maji yanatoka na mlango unafunga, sina la kulalamika. Kazi nimeanza. Maabara ya hospitali hii ni kubwa kuliko ile ya huko. Kutwa nimeinamia darubini, natazama damu za watu nisiowajua. Baba Bosi bado yuko barabarani na lori lake. Akipata nafasi anapiga simu, inakatika, tunaridhika hivyo hivyo.

Sasa, sikukuandikia habari za ukuta. Nimekuandikia kukushitaki.

Jumatatu nilimpeleka Bosi shule ya chekechea. Nimemsuka, nimempaka mafuta, viatu vinang'aa. Tumefika mlangoni, watoto wako kwenye mkeka, wote macho kwa mgeni. Mwalimu akasema, "Haya, wasalimie wenzako." Kitukuu wako akashika kiuno, vile vile unavyoshika wewe, akamtazama mtoto wa mbele, akamwambia, "We bwana, hayo ni masikio au milango ya kabati?" Mtoto akaangua kilio. Wa pili akaulizwa pua yake ameazima kwa nani. Kilio. Mwalimu akaja kuamua, Bosi akampima kwa macho toka chini hadi juu, akasema, "Na hilo tumbo, Mwalimu, umekuja nalo au umelikuta hapa?"

Babu, nilitamani sakafu ipasuke nizame.

Mwalimu kanivuta pembeni. "Mama, huyu mtoto kalelewa wapi?" Nikamwambia ukweli: kwa kinyozi. Tangu ajue kukaa alikuwa anashinda kibandani kwako, akiona kila mteja anayeingia anakaribishwa kwa dhihaka, mteja anacheka, na Bosi akiongezea yake anapewa pipi. Mtoto anajua hiyo ndiyo salamu ya dunia nzima.

Fundo hili umelifunga wewe. Lifungue.

Mjukuu wako mwenye aibu,
Mama Bosi


26 Januari

Mama Bosi, mjukuu wangu uliyechukua sura yote ya ukoo wa bibi yako, pole,

Marahaba. Nimeitikia kimoyomoyo, hakuna aliyegeuka. Salamu za Bibi yako nimezifikisha. Amezipokea, kisha akaniuliza mbona bado nimesimama pale kama nasubiri bakshishi.

Simu uliyoninunulia ni nzima. Bibi yako ameifunika kitambaa, inapumzika. Mimi na simu hatuwezani, inakatika kabla utani haujaiva. Barua hata ikichelewa inafika na maneno yake yote.

Huku ni wazima. Goti langu la kushoto linanisemesha asubuhi, la kulia linalijibu. Yule kinyozi mpya wa ng'ambo ya barabara, uliyemwacha anapaka rangi, ameshafungua. Kazungusha vioo kila upande. Mteja akikaa anajiona mbele, nyuma na ubavuni, kama maiti anayeagwa. Nimempa jina, Bwana Vioo. Mwenyewe hajui, maana hatujasalimiana. Yeye ndiye mgeni, na mgeni ndiye anayebisha hodi.

Mashitaka yako nimeyasoma. Nikamsomea na Bibi yako, akacheka mpaka akashika ukuta, halafu akaninunia kwa niaba yako mpaka jioni. Mimi nina swali moja tu: lile la tumbo, Mwalimu alijibu nini? Maana swali lilikuwa zuri.

Usihangaike. Urafiki wa watoto hauhitaji elimu. Najua hilo, mimi niliyeachana na shule darasa la nne, na mpaka leo hatujakubaliana nani alimwacha mwenzake. Mfungie mtoto karanga kwenye karatasi, mwambie agawe. Mwenye karanga hana adui.

Mwambie Bosi kiti chake kipo, kile cha kusubiria wateja, pale ukutani. Nimekipangia makopo ya poda ili asikikalie mtu.

Babu yako asiye na hatia


15 Februari

Babu Kipara,

Shikamoo wewe, shikamoo Bibi, na pole na magoti, yote mawili, nisije nikaonekana nina upendeleo.

Tunaendelea. Jirani mwenye ukuta amenunua jogoo, kwa hiyo sasa ukuta una sauti. Kazini wamenipa darubini mpya.

Karanga zako zimeliwa. Watoto walizila, wakajifuta midomo, wakakimbilia bembea, Bosi akabaki kashika karatasi. Kesho yake wakamwita "Duka". "Duka, leo umefungua?" Ndiyo faida niliyoipata.

Lakini babu, hilo ni dogo. Mwalimu alimkalisha Bosi akamwambia mtoto mzuri hasemi miili ya watu. Nami nyumbani nikakazia, tena kwa ukali. Na Bosi ametii, ndilo linalonisumbua. Amenyamaza kabisa. Wakati wa mapumziko anakwenda kusimama kwenye uzio, mkono kwenye wavu, anawatazama wenzake wakicheza kama mtu anayesubiri gari. Ukimuuliza mbona huongei, anasema, "Sijui nyingine." Hajui salamu nyingine, Babu. Juzi nilikuwa naanika nguo, nikamsikia nyuma ya mlango anamwambia mwanasesere wake, kwa sauti ndogo, "Karibu mwenye kichwa cha boga, kaa tukupunguze." Anakuigiza wewe. Nikabaki nimeshika shuka, maji yananimwagikia miguuni.

Darasani yupo mtoto mmoja mwingine asiyeongea. Wenzake wamempa jina la Kimya. Ni wa kike kama Bosi, anakaa meza ya dirishani anakatakata karatasi. Nilidhani labda hawa wawili wataungana, kumbe wasiosema wakikaa pamoja wanazidisha ukimya tu.

Mwalimu amesema kama hadi mwisho wa muhula hajachanganyika, nimtoe, tujaribu mwakani. Nikimtoa sina wa kumwachia, itabidi nimrudishe kwako. Jibu bila utani, mara moja tu maishani mwako.

Halafu niambie: huyo Bwana Vioo umeshamsalimia?

Mama Bosi


27 Februari

Mjukuu wangu,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu. Magoti yameshukuru, la kulia limesema wewe ndiye mwenye adabu katika ukoo huu.

Umesema nijibu bila utani. Ni sawa na kumwambia kuku avuke barabara bila kichwa kutikisika, lakini nitajaribu.

Mimi mtu nikimwita boga mlangoni kwangu, boga lile nimelilipia. Nimemnyoa miaka, nimewanyoa wanawe, nimemnyoa na siku aliyofiwa, na siku hiyo sikumwita chochote. Bosi aliona boga, hakuona malipo. Kosa si lake, mimi nilimfundisha mwisho wa jambo bila kumfundisha mwanzo wake.

Basi msomee hapa, taratibu.

Bosi, unawakumbuka wale watoto wanaoletwa kunyolewa mara ya kwanza? Wanaolia kama wanachinjwa, mama kashika miguu, baba kashika mikono? Unakumbuka mimi nafanyaje? Simwambii kitu. Nawaambia wazazi wamwachie. Nachuchumaa mbele yake, nampa kitana, nainamisha hiki kipara changu, namwambia, "Anza wewe." Mtoto anakwangua, anakwangua, hakitoki kitu. Anaona huyu mzee ndiye kichekesho, si yeye. Anacheka. Ukishaona kacheka, kichwa chake anakuletea mwenyewe. Si ni wewe uliyekuwa unanishikia mkebe wa vitana? Basi na shule ni hivyo hivyo. Kabla hujacheka kichwa cha mwenzako, mpe chako akicheke. Inamisha chako kwanza.

Mwisho wa kumsomea. Sasa wewe.

Usimrudishe. Kiti chake kipo, na ulipoandika neno lile nilishatoa makopo nikaanza kukifuta vumbi. Kisha nikayarudisha. Usimrudishe huku. Sababu ninazo, nitakuambia siku nikiwa na wino wa kutosha.

Na umeniandikia kurasa nzima Bosi hana wa kucheza naye. Vizuri. Wewe unakunywa chai na nani? Darubini?

Umeuliza kuhusu Bwana Vioo. Karatasi imeisha.

Babu


6 Machi

Babu,

Shikamoo.

Nilimsomea Bosi barua yako. Aliniomba nirudie pale pa "anza wewe", nikarudia. Asubuhi alikwenda shule anarukaruka, nikasema moyoni, mzee huyu ana akili kumbe.

Kipindi cha kazi za mikono Bosi alikwenda moja kwa moja meza ya dirishani, kwa Kimya. Akachuchumaa mbele yake. Akainamisha kichwa. Akasema, "Anza wewe."

Kimya alikuwa na mkasi.

Ni ule mkasi wa watoto wa kukatia karatasi, ambao tuliambiwa haukati. Umekata. Upande wa kushoto wote, mpaka nyuma ya sikio. Mwalimu alipogeuka, Bosi alikuwa bado ameinama, ametulia, anasubiri amalizwe. Misuko niliyoihangaikia Jumapili nzima imerudi nyumbani ndani ya bahasha.

Sitaki ushauri mwingine.

Mjukuu wako


17 Machi

Mama Bosi, mjukuu wangu mpole, msamehevu, mwenye sura nzuri (nilikosea pale mwanzo),

Salamu zangu leo zinakuja kwa magoti, na unajua yalivyo.

Nilisema kitana. Soma tena, niliandika kitana. Mkasi sikuutaja popote. Kama kuna mahakama, barua hiyo ndiyo shahidi wangu.

Bibi yako hataki kusikia habari za shahidi. Chai ananiwekea mezani bila neno, sukari natafuta mwenyewe.

Nywele huota. Hili ni jambo pekee duniani ninalolijua kwa hakika, ingawa kichwa changu hakikubaliani nami. Niambie tu: Bosi alilia?

Babu


5 Aprili

Mjukuu wangu,

Barua hii haina utani ndani. Nimeikagua.

Posta nimekwenda mpaka yule dada wa dirishani ananitikisia kichwa kabla sijafika. Kama umemtoa mtoto shule, niambie. Kama bado anasimama kwenye uzio, niambie pia. Habari mbaya naiweza, ni ukimya nisiouweza. Nikiwa hapa kibandani nasikia saa ya ukutani inavyokwenda, na zamani sikujua kama ina sauti.

Babu yako


20 Aprili

Babu Kipara, Babu Mkasi, Babu Shahidi,

Shikamoo mara mia. Mpe Bibi nyingine mia, na umwambie sukari sasa aiweke yeye, adhabu imetosha.

Nisamehe kukaa kimya. Wiki ya kwanza nilikuwa nimekasirika. Baada ya hapo sikuwa nimekasirika tena, nilikuwa nakunywa chai. Subiri, nitaeleza.

Hapana, Bosi hakulia. Aliyelia ni Kimya. Alipoona nywele zimejaa sakafuni aliogopa, akalia kwa sauti, na Mwalimu anasema hiyo ndiyo mara ya kwanza darasa zima kusikia sauti ya mtoto yule. Bosi akainua kichwa, nusu kasukwa nusu hana kitu, akamwambia, "Usilie, na mimi ndio mara yangu ya kwanza." Si ndivyo unavyowaambia wale watoto wako? Sikumfundisha mimi.

Jioni yake mtu akabisha hodi. Mama yake Kimya, mtoto mkono huu, mkasi wa kushonea mkono ule. Ni fundi cherehani. Hata salamu hakumaliza: "Mama mwenzangu, nimekuja kusawazisha alichoharibu mwanangu." Nilikuwa na maneno makali nimeyapanga tangu mchana. Nikamtazama alivyosimama mlangoni na mkasi wake, nikasema, "Pita." Alimkalisha Bosi jikoni juu ya ndoo, akampunguza upande wa pili mpaka kichwa kikawa kimoja. Kumbe nao ni wageni mji huu, walitutangulia kidogo tu. Mtoto alinyamaza tangu wahame.

Sasa sikia. Bosi amemalizwa, ameshuka kwenye ndoo, Kimya anamtazama, anamtazama, mwisho akasema, "Kichwa chako kama brashi ya viatu."

Mama yake akaziba mdomo. Mimi nikashika meza. Na Bosi, Babu, Bosi alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa anasubiri neno hilo tangu tuhame kwako. Akafuta machozi, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mama, na mimi sasa naruhusiwa?" Nikamwambia, muulize mwenzio. Akamgeukia. "Naruhusiwa?" Kimya akafikiri, akainamisha kichwa chake.

Tangu siku hiyo huwatenganishi. Wenzao wamefuata wenyewe, maana penye kicheko mtoto hangoji mwaliko. Yule mwenye masikio kaja kuomba naye aambiwe lake tena, safari hii hakulia. Muhula umeisha na Mwalimu hajataja tena habari za kumtoa. Tumbo lake ameanza kulitania mwenyewe.

Uliniuliza nakunywa chai na nani, nikajifanya sikuona. Nilikuwa sinywi na mtu. Nilikuwa narudi kutoka kazini sijamwambia mtu neno zaidi ya "kaa, nyoosha mkono, kunja ngumi", nikimtoa damu. Nilikuwa namsukuma mtoto aende kuwasalimia wenzake, na mimi nimepanga ukuta kwa ukuta na mwenye jogoo, simjui hata sura. Sasa Jumamosi fundi anakuja na kushona kwake, au mimi nakwenda kwake, watoto chini ya meza. Jogoo nimemwendea pia. Mwenye jogoo ni bibi mmoja mkali, mngepatana.

Bosi ananiamuru niandike maneno yake kama yalivyo: "Babu, na wewe umeinamisha kwa nani? Jibu. Karatasi isiishe."

Mama Bosi


6 Mei

Mama Bosi, na Bosi mwenyewe,

Marahaba zote mia nimeziitikia, sauti imekauka. Sukari imerudi. Bibi yako aliposikia ya brashi ya viatu alisema sasa anaweza kufa, nikamwambia angoje anipikie kwanza.

Bosi, nimeona swali lako. Nimelizunguka siku kadhaa kama mbwa anayetafuta pa kulala. Bibi yako akalikata: "Mtoto wa chekechea amekuuliza, na wewe huna jibu. Vuka barabara."

Nikavuka.

Bwana Vioo alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti chake mwenyewe anajitazama. Nilidhani ana wateja wengi. Kumbe kutoka kwangu nilikuwa nahesabu vivuli vyake kwenye vioo. Aliponiona akasimama kama askari.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipishe nikae."

Nikakaa. Nikawaona kwenye vioo wazee wanne, wote vipara, wote wamenuna. Ningewanyoa hao nisingewatoza kitu, kwa huruma. Nikainamisha kichwa, nikamwambia, "Anza wewe."

Mashine inanguruma mkononi mwake, haishuki.

"Mzee, samahani. Nianze kunyoa nini?"

"Utakachokikuta."

Akazima mashine. Akachukua taulo la moto, akanifunika kichwa, akanikanda taratibu, akanipaka mafuta, akanifuta kama mtu anayefuta taa ya chemni. Miaka yote hii nashika vichwa vya watu, nimesahau kabisa kushikwa changu kukoje. Alipomaliza akarudi nyuma, akanitazama, akakohoa.

"Mzee, nikisema kitu hutakasirika?"

"Sema."

"Kichwa hiki kikisimamishwa barabarani, magari hayana haja ya taa."

Mama Bosi, wale wazee wanne walicheka wote kwa pamoja. Tangu Bosi aondoke nilikuwa nawatania watu mchana kutwa, hakuna aliyenirudishia. Wananiheshimu. Wanaitikia "haya mzee" wanakwenda zao. Hiyo ndiyo sababu niliyokuahidi siku nikipata wino. Mtoto aliyeletwa amliwaze mzee hapati wenzake wa rika lake wa kucheza nao, ndiyo maana nilisema usimrudishe.

Nikamuuliza Bwana Vioo, mbona hukuja kubisha hodi? Wewe ndiye mgeni. Akasema alivuka mara nyingi, anaishia katikati. "Nilikuwa natazama kile kiti chako cha ukutani, mzee. Kila siku kimejaa makopo. Nikasema, huyu hataki mtu akae."

Nikainuka, nikavuka kurudi kibandani.

Makopo nimeyashusha, yako sakafuni, Bibi yako amejikwaa hapo na ametukana. Mchana kazi zikipungua Bwana Vioo anavuka anakuja kukaa pale, ananieleza vichwa alivyoviona, nami namweleza nilivyovinyoa kabla hajazaliwa. Likizo ikifika mje, na Kimya mje naye, mama yake aache mkasi nyumbani.

Bosi, usikasirike kuona mtu kwenye kiti chako. Nimemwambia ni cha kuazima, mwenyewe akija ampishe. Anauliza huyo mwenyewe ni mtu wa namna gani, nikamjibu: ukimwona akija, usiseme kitu, wewe inama tu.

Babu yako Kipara